Mnazi: Mali ya Pwani Iliyohesabiwa kwa Shina

Zamani mtu akitaka kujua uwezo wa mzee wa pwani, hakuuliza ana ekari ngapi. Aliuliza ana minazi mingapi. Kuanzia Lamu hadi Mtwara, na visiwani Unguja, Pemba na Mafia, mnazi ulirithiwa, uliuzwa, uliwekwa rehani na kuwekwa wakfu, mara nyingi bila kugusa ardhi uliposimama. Ardhi ingeweza kuwa ya ukoo mzima, mti ukawa wa mtu mmoja, na mtu huyo akawa anaishi kijiji cha tatu kutoka hapo.

Sababu ya desturi hiyo iko kwenye mti wenyewe. Mnazi mrefu wa Afrika Mashariki huanza kuzaa ukifika miaka sita au saba, kisha huendelea kuzaa kwa miaka 60 na zaidi. Takriban kila mwezi hutoa kuti jipya, na kwenye kwapa la kuti hilo huchomoza karara lenye maua ndani. Ua likishika huwa kidaka, kidaka kikawa kitale, kitale kikawa dafu, dafu likawa koroma, na koroma likawa nazi. Safari hiyo huchukua kiasi cha mwaka mmoja, kwa hiyo mti mmoja hubeba matunda ya kila umri kwa wakati mmoja. Mwembe una msimu na mkarafuu una msimu, lakini mwenye minazi humwita mkwezi kila baada ya miezi miwili au mitatu, masika na kiangazi. Mjane mwenye minazi 20 alikuwa na chumvi, mafuta ya taa na ada ya madrasa mwaka mzima.

Mali hiyo haikuota yenyewe. Ni kweli kwamba nazi huelea baharini kwa muda mrefu na kuchipua ikitupwa ufukweni, lakini minazi ya pwani hii ina historia ya mikono ya watu. Mwaka 2011 watafiti Bee Gunn, Luc Baudouin na Kenneth Olsen walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya minazi zaidi ya 1,300 kutoka pande mbalimbali za dunia. Walikuta koo mbili kubwa: moja chimbuko lake ni kusini mwa Bara Hindi na visiwa vya jirani, nyingine chimbuko lake ni visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki. Minazi ya Madagaska, Komoro na pwani ya Afrika Mashariki ilikutwa na mchanganyiko wa koo hizo mbili. Maelezo yao ni kwamba mabaharia wa Kiaustronesia, wale wale walioipa Madagaska lugha yake, walivuka Bahari ya Hindi wakiwa na mbegu zao, na minazi yao ikachanganyika na ile ya ukoo wa Bahari ya Hindi.

Kufikia karne ya 10 mti ulikuwa umeshakuwa wa hapa. Al-Mas'udi, mwanahistoria wa Baghdad aliyesafiri mara ya mwisho hadi kisiwa cha Qanbalu mwaka 916, kisiwa ambacho wanahistoria wengi wanakihusisha na Pemba, aliandika kwamba nchi ya Zanji ina visiwa vingi vyenye minazi na kwamba nazi ni tunda la Wazanji wote.

Lakini nazi haikuwa tunda tu, ilikuwa chombo cha bahari pia. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erithrea kinaitaja bandari ya Rhapta katika pwani hii pamoja na mashua zake za kushonwa. Ufundi wa kushona vyombo uliendelea hapa hadi mwanzoni mwa karne ya 20 kwa jina la mtepe, uliokuwa ukiundwa hasa katika visiwa vya Lamu. Mbao zake zilitobolewa kando kando, zikafungwa pamoja kwa kamba ya usumba, bila msumari hata mmoja. Mtepe ukiburutwa mchangani au kugonga mwamba, ulinyumbuka pale ambapo chombo cha misumari kingepasuka. Kazi kubwa ilikuwa kuushona tena kila kamba zilipochoka. Mwaka 2003 mafundi waliunda upya mtepe mzima Zanzibar, ukawekwa katika jumba la Beit al-Ajaib.

Usumba huo ulitoka kwenye makumbi, na makumbi yalikuwa kazi ya wanawake. Katika vijiji vya mashariki mwa Unguja, kama Paje, Jambiani na Bwejuu, maji yakitoka wanawake walichimba mashimo pwani, wakafukia makumbi na kuyawekea mawe yasichukuliwe na maji. Kila familia ilijua mashimo yake. Baada ya miezi kadhaa kwenye matope ya chumvi, nyama ya kumbi huwa imeoza na nyuzi zimelainika. Makumbi hufukuliwa, hupondwa kwa gongo mpaka nyuzi zitoke, hukaushwa, kisha husokotwa kwa viganja. Kamba hizo zilifunga nanga, zilisuka vitanda, ziliunga paa na kufunga mbuzi. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Paje na Jambiani, wanawake wengi walihamishia nguvu zao kwenye kamba za mwani, ufukweni pale pale, na kamba hizo mpya ni za nailoni.

Juu ya vichwa vya watu kulikuwa na makuti. Fundi hukunja majani ya kuti lililokauka juu ya kijiti, moja baada ya jingine, akayashona kwa kamba, ikapatikana safu moja ya makuti ya viungo. Safu hupandana juu ya paa kwa kubanana ili maji yateleze. Paa lililoezekwa vizuri huingiza upepo na kukataa mvua, lakini hudumu miaka michache tu na hushika moto kwa cheche moja. Watu wa Makunduchi wamelifanya hilo kuwa sherehe: katika Mwaka Kogwa, kila Julai, kibanda cha makuti huchomwa moto kuukaribisha mwaka mpya. Kuti bichi lina kazi yake pia. Husukwa pakacha la kubebea maembe na samaki, na vijiti vya chelewa vinavyobaki hufungwa kuwa fagio. Mabati yameshachukua paa nyingi za vijijini. Hoteli za ufukweni za Diani, Malindi na Nungwi ndizo zinazonunua makuti kwa wingi sasa, kwa ajili ya wageni wanaotaka kivuli chenye sura ya pwani.

Jikoni ndiko mti huu unakojulikana na kila mtu, hata asiyewahi kuuona umesimama. Nazi huanza kwa kufuliwa: husimikwa juu ya kifuo, kijiti chenye ncha kilichochimbiwa ardhini, ikazungushwa kwa mikono miwili mpaka makumbi yabanduke. Hupasuliwa kwa mgongo wa panga, maji yakakingwa kwa kikombe, na mara nyingi mtoto aliyesimama karibu ndiye mwenye kikombe. Kisha ni zamu ya mbuzi, kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno. Mkunaji hukaa juu yake, akazungusha kifuu polepole kwa viganja, na kuacha kabla meno hayajafika kwenye ngozi ya kahawia, kwa sababu ikichanganyika na nazi iliyokunwa tui halitatoka jeupe.

Nazi iliyokunwa hutiwa maji ya vuguvugu na kukamuliwa ndani ya kifumbu. Mkamuo wa kwanza ni tui zito, na watu wa Zanzibar wanalo jina la lile lisilotiwa maji kabisa: kasimele. Huwekwa kando. Mkamuo wa pili na wa tatu ni tui jepesi, na hilo ndilo linalotangulia sufuriani kuivishia mbaazi, kisamvu, ndizi au samaki. Tui zito huingia mwishoni, moto ukiwa mdogo, mpishi akikoroga bila kupumzika ili lisikatike. Mpishi wa Mombasa anayetengeneza samaki wa kupaka hulichemsha tui zito na viungo mpaka lishikane, ndipo akampaka samaki aliyekwisha kuchomwa. Tui likiendelea kuchemshwa mpaka maji yaishe, hubaki mafuta, na mafuta hayo yalipaka nywele, yalikanda wachanga na kuwasha taa za misikiti. Minazi mingi ya wakfu ilikuwa na kazi hiyo: mtu alifariki akiacha miti kadhaa, mapato yake yanunue mafuta ya taa na mikeka ya msikiti wa mtaa wake.

Hakuna kilichotupwa. Machicha yaliyokamuliwa yalikwenda kwa kuku. Kifuu kilichongwa kikawa upawa wa kutekea mchuzi, na kilichobaki kilichomwa kikawa makaa ya pasi.

Upande wa pili wa mti ni tembo, na hapo pwani inagawanyika. Mgema hupanda akiwa na kotama kiunoni na kitoma begani. Hulifunga karara kabla halijafunguka, akalipigapiga taratibu kwa siku kadhaa, kisha akakata ncha yake kipande chembamba. Utomvu hudondoka ndani ya kitoma, naye hurudi asubuhi na jioni kukusanya na kukata kipande kingine, kwa maana jeraha likikauka tembo hukoma. Kukalia kuti kavu, usemi ambao magazeti huwapa mawaziri wanaokaribia kufukuzwa, kwa mgema na mkwezi si usemi. Ni mguu uliovunjika au maziko.

Tembo linaloshuka asubuhi ni tamu na bado halijawa kali. Likichemshwa huwa asali. Likiachwa mchana kutwa huwa kali, na likiachwa zaidi huwa siki. Katika nyumba za Waislamu ambako tembo kali ni haramu, lilipita mlango wa jikoni kama hamira: mikate ya kumimina na mofa iliumuliwa kwa tembo kabla ya hamira ya dukani kuenea.

Kwa Wamijikenda wa nyuma ya Mombasa na Malindi, tembo, au mnazi kama wanavyokiita kinywaji chenyewe, lilikuwa muhuri wa mambo. Posa haikufunguliwa bila tembo, mazishi hayakukamilika bila tembo, na wazee wa kaya hawakukaa kusikiliza kesi kabla kibuyu hakijafika. Warabai, waliokuwa na minazi mingi karibu na Mombasa, waliitumia katika biashara na majirani zao kwa muda mrefu wa karne ya 19. Serikali ya kikoloni iliona mambo kwa jicho jingine. Karara lililogemwa halizai nazi, na nazi ndiyo iliyotoa mbata ya kuuza nje. Maofisa wakaleta leseni na vibali vya ugemaji, na wagema wakaendelea kupanda.

Mbata ndiyo iliyoubadilisha mnazi kutoka mti wa nyumbani kuwa zao la shamba kubwa. Nazi zilizokomaa zilipasuliwa, zikaanikwa juani au kukaushwa kwenye tanuri lililowashwa kwa makumbi na vifuu vyake, nyama ikabanduka na kufungwa maguniani. Katikati ya karne ya 19 viwanda vya sabuni vya Marseille vilikuwa na njaa ya mafuta ya mimea, na wafanyabiashara wa Kifaransa waliyafuata hadi Zanzibar. Mashamba ya masultani na matajiri wa Kiomani yalikuwa yamekwisha kupandwa, karafuu na minazi, kwa kazi ya watumwa waliotolewa bara.

Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja. Kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa, huku Pemba ikisalimika kwa kiasi kikubwa na kushika uongozi wa karafuu tangu hapo. Unguja ilipandwa upya, na mnazi ukaendelea kutawala maeneo ambayo mkarafuu haukuyapenda. Upande wa bara, Wajerumani walipanda minazi katika mashamba makubwa ya pwani yao. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliiangusha bei ya mbata kila mahali. Mafuta ya mawese ya Malaysia na Indonesia, yanayotoka kwenye mchikichi unaotoa mafuta mengi zaidi kwa ekari, yalikuja baadaye kulishika soko ambalo mbata ilikuwa nalo.

Soko la nje lilipoyumba, hesabu ya nyumbani haikuyumba. Mwanaanthropolojia David Parkin aliishi kwa Wagiriama wa Kaloleni katika miaka ya 1960, na kitabu chake cha mwaka 1972, Palms, Wine, and Witnesses, kinaeleza jinsi vijana wenye bidii walivyonunua na kupokea rehani za minazi ya jirani zao. Hati za maandishi zilikuwa chache. Ushahidi wa mauzo ulikuwa wazee waliokuwepo siku hiyo na kunywa tembo la mapatano, kwa hiyo mnunuzi mwerevu aliwatunza mashahidi wake kwa heshima na vinywaji. Huko Mafia, Pat Caplan, aliyefanya utafiti kaskazini mwa kisiwa kuanzia 1965, alikuta ardhi ya msituni ikiwa ya koo na minazi ikiwa ya watu binafsi, wanawake miongoni mwao. Binti alirithi minazi kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, nusu ya fungu la kaka yake, na fungu hilo lilibaki lake akiolewa na akiachika.

Mti wenye wenyewe wengi huzaa kesi nyingi. Abdilatif Abdalla alipokuwa gerezani Kenya kati ya 1969 na 1972 aliandika utungo uitwao "Mnazi: Vuta N'kuvute", uliochapishwa katika Sauti ya Dhiki mwaka 1973, ambamo ndugu wawili wanagombania mnazi mmoja. Wasomaji waliusoma kama siasa ya nchi, nao walikuwa na haki. Lakini kwa msomaji wa Mombasa au Kilifi ugomvi wenyewe haukuhitaji tafsiri. Kila mtaa ulikuwa na wa kwake.

Zanzibar ilijaribu kuifuta hesabu ya zamani kwa kalamu moja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yalitaifishwa na familia zikagawiwa eka tatu tatu, pamoja na mikarafuu na minazi iliyokuwamo. Watu walipata miti ambayo jana walikuwa vibarua wake. Wengi waliiangua kwa miongo mingi bila kupanda mingine, na minazi hiyo ilizeeka pamoja nao.

Uzee si adui pekee. Mdudu mwenye pembe aitwaye chonga hutoboa kilele na kula chipukizi kabla halijafunguka. Mwingine mdogo, aliyeelezwa kisayansi miaka ya 1950 na kupewa jina la Pseudotheraptus wayi, hufyonza vidaka vikapukutika kabla ya kuwa vitale. Adui wa mdudu huyo wakulima wa Unguja walimjua kwa kuumwa naye: majimoto, sisimizi mwekundu anayeshona majani kuwa kiota juu ya miti. Watafiti waliofanya kazi Zanzibar katika miaka ya 1950, M. J. Way na F. L. Vanderplank miongoni mwao, walionyesha kwamba mnazi wenye majimoto huzaa vizuri zaidi, kwa kuwa sisimizi hao humfukuza mdudu. Tatizo ni sisimizi wengine wa ardhini wanaowafukuza majimoto. Baadaye wataalamu wa minazi Tanzania walishauri kupanda michungwa na miti mingine ya majani yanayoshoneka kati ya minazi, ili majimoto wapate makazi na njia ya kupita kutoka mti hadi mti.

Ugonjwa wa kunyong'onyea hauna sisimizi wa kuuzuia. Unajulikana katika pwani ya Tanzania Bara tangu enzi za Wajerumani, na unasababishwa na vijidudu vidogo kuliko bakteria wa kawaida vinavyoishi ndani ya mishipa ya mti. Nazi hupukutika, makarara huwa meusi, makuti huwa ya njano kuanzia chini, na ndani ya miezi michache kilele huanguka likabaki shina tupu. Hauna dawa. Kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na miaka ya 1990 Tanzania iliendesha mpango wa taifa wa kuendeleza minazi kwa msaada wa Benki ya Dunia na Ujerumani, ukatafuta mbegu zinazostahimili ugonjwa na ukame. Kituo chake cha Dar es Salaam kiligeuzwa mwaka 1996 kuwa taasisi ya utafiti ya Mikocheni. Mbegu za kigeni zilizozaa sana kwingineko nyingi zilikufa hapa. Zile ndefu za pwani yenyewe mara nyingi zilistahimili zaidi.

Leo nazi nyingi za Dar es Salaam hukunwa kwa mashine ya umeme sokoni, mteja akasubiri na mfuko wake, na tui la pakiti linapatikana madukani. Mashina ya minazi mizee hupasuliwa mbao za samani. Mashamba ya Bagamoyo, Mkuranga na Kilifi yanakatwa viwanja, na mnunuzi wa kiwanja mara nyingi huondoa mnazi kwa hofu ya nazi kuangukia gari.

Hata hivyo, barabara au bomba likipita Tanzania, wathamini hufika na kuhesabu mazao ya kila aliyeguswa. Mnazi mchanga, unaozaa na uliochoka haulipwi sawa, na fidia ya mazao hukadiriwa mbali na thamani ya ardhi. Wazee wenye minazi husimama kando na kuhakikisha kwamba hakuna shina lililorukwa.